Kamba, omena, ngisi, nguru au mkebe: chakula cha jioni cha mtu mmoja Nairobi

Anayepika peke yake akitoka kazini huanza kufikiria samaki. Angeanza na nafaka. Samaki karibu wote wanaotajwa hapa huiva ndani ya dakika saba, na omena, anayechelewa kuliko wote, huchukua dakika ishirini pamoja na kuoshwa. Nafaka ndiyo inayoweza kukuweka jikoni dakika saba au saa nzima. Ukishajua una nafaka gani na una dakika ngapi, samaki wa kuandamana nayo atajichagua mwenyewe.

Kwa wenye haraka, jibu ni hili. Ukiwa na friji yenye friza, pika kamba kwa wali uliopikwa jana. Hakuna mlo wa baharini unaoushinda kwa ladha ndani ya robo saa ya kupika. Huna friji, nunua omena na upike ugali. Umefika nyumbani saa tatu usiku na huwezi kusimama jikoni, fungua mkebe wa jodari na ulowe kuskusi. Ngisi na nguru ni wa siku ambayo umepita sokoni mapema.

Nafaka kwanza

Vipimo hivi ni vya mtu mmoja mwenye njaa ya kawaida. Kikombe ni cha mililita 250, na muda unahesabiwa tangu maji yachemke.

| Nafaka | Kipimo | Maji | Muda |
|---|---|---|---|
| Wali wa jana | kikombe 1½ | vijiko vikubwa 2 | dakika 4 |
| Kuskusi | kikombe ½ | kikombe ½ na vijiko vikubwa 2 | dakika 7, moto umezimwa |
| Ugali wa sembe | kikombe 1 cha unga | kikombe 1½ | dakika 10 hadi 12 |
| Bulguri (ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kuvunjwa) | kikombe ½ | kikombe 1 | dakika 15 |
| Mchele wa pishori | kikombe ½ | kikombe 1 na vijiko vikubwa 2 | dakika 18, kisha 8 za kutulia |
| Mtama mzima | kikombe ½, uliolowekwa usiku | vikombe 2 | dakika 50 na zaidi |

Mtama mzima ni mtamu na unashibisha, lakini uache wa Jumamosi.

Muda wa mchele na kuskusi utakuta umezidi kidogo ule ulioandikwa kwenye pakiti. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, wakati Mombasa hufika 100. Chochote kinachoivishwa kwa maji kinachelewa. Ndiyo maana kuskusi iliyomwagiwa maji ya moto na kuachwa dakika tano hubaki na kiini kigumu: funika vizuri kwa sahani nzito na uiache dakika saba. Kukaanga hakuguswi na mwinuko, kwa kuwa mafuta hupata moto uleule popote ulipo. Dakika za samaki kwenye kikaango basi zisiongezwe.

Kuna tatizo jingine la kupikia mtu mmoja ambalo mapishi ya familia hayalitaji. Nusu kikombe cha mchele kwenye sufuria pana hutandazika kama safu nyembamba, maji yanakauka kabla punje hazijaiva, chini kunaungua na juu kuna mawe. Tumia sufuria ndogo ya upana wa sentimita 16 hivi, yenye kifuniko kinachokaa. Kama unapikia meko, ule mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake, moto hupanda hadi ubavuni mwa sufuria ndogo. Ushushe hadi ndimi za moto zisitokeze nje ya kitako. Kwenye jiko la koili la umeme, kumbuka koili hukaa na moto dakika kadhaa baada ya kuzimwa. Wali unaufaidi moto huo. Kamba unawaharibu, kwa hiyo kikaango chao kiondolewe kabisa juu ya jiko.

Kamba na wali

Kamba ndio ghali zaidi kati ya hawa watano kwa kilo, lakini mtu mmoja hahitaji kilo. Gramu 150 za kamba waliomenywa zinatosha. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu sokoni: kamba mzima mwenye kichwa na ganda akishamenywa hubaki karibu nusu ya uzito wake, hivyo gramu 150 za nyama zinataka karibu gramu 300 za kamba wazima. Ukinunua waliokatwa vichwa lakini wana ganda, gramu 190 zinatosha. Kwa hiyo bei ya kilo ya kamba wazima usiilinganishe na ya waliomenywa kabla ya kuzidisha ile ya wazima mara mbili. Mara nyingi utakuta tofauti ni ndogo kuliko ilivyoonekana.

Kwenye soko la City Market, Barabara ya Muindi Mbingu, muuzaji atakumenyea ukimwomba. Chagua wenye ganda linalong'aa na nyama iliyokaza. Kichwa kinacholegea shingoni au kilichoanza kuwa cheusi kinaonyesha wamekaa siku nyingi. Harufu kali inayochoma pua, ya amonia, ni ya kuondoka nayo bila kujadili bei. Kwa pakiti ya supamaketi, tazama kama kamba wamegandishwa mmojammoja au kwa bonge. Anayeishi peke yake anunue wa mmojammoja, achukue kumi na wawili au kumi na watano, arudishe pakiti kwenye friza. Bonge lazima uliyeyushe lote, na kamba walioyeyuka wakigandishwa tena hutoa maji na kuwa pumba mdomoni. Soma pia uzito halisi: pakiti nyingi huwa na ngozi ya barafu, na barafu hiyo nayo umeilipia ikiwa uzito ulioandikwa ni wa jumla.

Hatua zenyewe:

1. Weka kamba kwenye mfuko uliofungwa, uuzamishe kwenye bakuli la maji baridi dakika 15. Usitumie maji ya moto, yataivisha nje huku ndani kukiwa barafu.
2. Wakaushe kwa kitambaa safi hadi wasiteleze. Chanja mgongo na utoe ule uzi mweusi. Watie robo kijiko cha chai cha chumvi na manjano kidogo. Ndimu subiri.
3. Pasha kikaango hadi tone la maji lirukeruke, tia kijiko kikubwa kimoja na nusu cha mafuta, panga kamba wasigusane. Dakika moja na nusu upande wa kwanza, dakika moja wa pili. Watoe kwenye sahani.
4. Kwenye mafuta hayohayo kaanga kitunguu kidogo kimoja dakika tatu, tia punje mbili za kitunguu saumu na tangawizi iliyoparuzwa kwa nusu dakika, kisha nyanya moja hadi ipondeke.
5. Tia robo kikombe cha tui zito, moto mdogo, dakika mbili. Rudisha kamba kwa nusu dakika, kamulia ndimu, zima.

Kamba aliyejikunja nusu duara ameiva. Akijikunja hadi mkia ukagusa kichwa amepita. Kosa la kawaida kabisa ni kuwaacha wachemke ndani ya mchuzi "ili viungo viingie". Viungo haviingii, nyama inajibana na kutoa maji yake yote, na unabaki unatafuna. Kosa la pili ni kuwakaanga wakiwa na maji: kikaango kinapoa, wanatokota badala ya kukaangika, na wanatoka na rangi ya kijivu.

Nazi nzima ni nyingi kwa mtu mmoja. Nunua tui la unga la pakiti, changanya vijiko vikubwa viwili na robo kikombe cha maji vuguvugu, na iliyobaki ifunge kwa kibanio.

Wali wa jana ndio unaoufanya mlo huu uwe wa dakika kumi na tano, ukiacha zile za kuyeyusha kamba, maana wali mbichi unataka karibu nusu saa peke yake. Nyunyiza maji vijiko viwili, funika, moto mdogo dakika nne, au uutie moja kwa moja kwenye kikaango baada ya hatua ya nne, uache tui, upate wali wa kukaanga. Ila masharti yake ni makali. Wali ukishaiva jana utandazwe kwenye sahani upoe, uingie kwenye friji ndani ya saa moja, upashwe mara moja tu hadi utoe mvuke. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kupikwa, na wali ukilala kwenye sufuria juu ya jiko zinaamka na kutoa sumu isiyoondolewa na moto wa kupasha. Wali uliolala nje ya friji ni wa kutupa hata kama haunuki. Asiye na friji asiingie kwenye mlo huu kupitia wali wa jana, apike bulguri.

Omena na ugali

Mwenye kushikilia maneno atasema omena si wa baharini, na ni kweli, ni samaki wa Ziwa Victoria. Lakini huwezi kuandika ulinganisho wa samaki wa haraka Nairobi ukamwacha. Ndiye wa bei nafuu kuliko wote, anauzwa kwa kipimo kidogo karibu kila kibanda, na anakaa mwezi mzima kwenye chupa yenye kifuniko bila umeme. Mlaji hula samaki mzima pamoja na mifupa, kwa hiyo kalsiamu anayopata hapa hawezi kuipata kwa kamba.

Bei hupanda katikati ya mwaka. Upande wa Kenya uvuvi wa omena kwa kawaida hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaane, na mzigo unaofika Gikomba wakati huo unakuwa mdogo au unatoka nchi jirani. Mwenye busara hununua gorogoro mwezi Machi.

Chagua waliokauka kabisa, wenye rangi ya fedha, wanaovunjika kwa sauti. Wenye rangi ya kutu au mafuta yanayonata wamechacha, na hakuna nyanya itakayoficha. Wenye mchanga mwingi walianikwa chini ufuoni; walioanikwa juu ya vichanja huwa safi zaidi, na ni halali kumuuliza muuzaji.

Pima kikombe kimoja kilichojaa. Watoe vichwa kama uchungu unakukera, maana vichwa na matumbo ndiyo yenye uchungu, na kazi hiyo ni ya dakika tano ukiwa unasikiliza taarifa ya habari. Walowe kwenye maji ya moto dakika tatu, usizidishe, kisha suuza kwa maji baridi. Usimwage maji pamoja na omena: mchanga unakaa chini ya bakuli, hivyo wachote kwa mkono uwahamishie bakuli jingine, umwage, urudie. Mara tatu kwa kawaida zinatosha. Pitisha kidole chini ya bakuli, ukihisi punje za mchanga rudia.

Wachuje, wakaushe, uwakaange kwa vijiko vikubwa vitatu vya mafuta dakika tano au sita hadi uwasikie wakichakarika ukiwageuza. Hapa ndipo omena wa watu wengi huharibika. Wanatiwa kwenye mchuzi wakiwa bado na maji, wanavunjikavunjika na kuwa uji wenye harufu. Omena aliyekaangwa akakauka hubaki mzima. Watoe, kaanga kitunguu kimoja, nyanya mbili na nusu ya hoho hadi mafuta yajitenge, rudisha omena na vijiko vinne vya maji, dakika tatu, malizia na dania.

Ukiwa na jiko la moto mmoja, mpangilio ni omena kwanza, ugali baadaye. Chemsha kikombe kimoja na nusu cha maji, tia unga konzi moja ukikoroga upate uji mwepesi, uache utokote dakika moja. Uji huo ndio unaozuia vidonge. Kisha ongeza unga uliobaki kidogokidogo, ukandamize kwa mwiko kwenye ubavu wa sufuria, ushushe moto, ufunike dakika tatu, ugeuze. Ugali uliopikwa haraka kwa moto mkali unashikana lakini unabaki na harufu ya unga mbichi. Ukiwa mgumu mno, maji ya kuongeza yawe ya moto. Wakati ugali unatulia chini ya sahani, rudisha omena motoni dakika moja.

Kuna suala la harufu, hasa kwa anayeishi bedsita ambapo jiko, kitanda na nguo viko chumba kimoja. Fungua dirisha kabla ya kuwasha jiko, funga kabati la nguo, na uyaoshe mafuta ya kikaango usiku huohuo. Omena ndiye mkaidi zaidi kwa hili, akifuatwa na nguru. Kamba na ngisi hawaachi kitu asubuhi. Kwa mtu anayevaa koti moja kwenda ofisini wiki nzima, sababu hii pekee inaweza kuamua.

Ngisi

Ngisi ana nyakati mbili tu: chini ya dakika mbili kwenye moto mkali, au dakika arobaini na zaidi kwenye moto mdogo. Katikati yake ni mpira. Chukua gramu 150 za ngisi aliyesafishwa, mkate pete za upana wa sentimita moja, mkaushe kabisa, na umtie kwa mafungu mawili kwenye kikaango kinachokaribia kutoa moshi. Sekunde 90, chumvi mwishoni, ndimu, pilipili. Anafaa kwa bulguri iliyokwisha kuiva na kusubiri, kamwe isiwe ngisi anayeisubiri bulguri. Kwa usafi: anayefaa ni mweupe wa maziwa chini ya ngozi yenye madoa ya zambarau. Nyama ikigeuka ya waridi, ni wa zamani.

Kwa bei ni nafuu kuliko kamba, na ukimshika vizuri huiva haraka kuliko wote. Ila hana msamaha. Anayepokea simu akipika achague kitu kingine. Pweza, ndugu yake, hata usimfikirie siku ya kazi, labda uwe na sufuria ya presha.

Nguru, au minofu ya mbuta

Kipande cha nguru cha gramu 180, unene wa sentimita mbili, ni dakika nne upande wa kwanza na tatu wa pili, kwa moto wa wastani. Kipande hicho hakina maganda ya kumenya wala miiba midogo, ni mfupa mmoja tu katikati. Kwa urahisi wa kupika anashinda kamba. Anapoteza kwenye safari. Nguru na jodari wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, na hiyo haiondolewi na kupika. Mlaji anapata uso mwekundu, kuwashwa na kichwa kugonga. Saa moja na nusu kwenye matatu ndani ya foleni ya Thika Road bila barafu ni hatari. Omba muuzaji barafu kwenye mfuko wa pili, na ununue samaki mwisho wa shughuli zako zote mjini. Msimu nao una sauti: upepo wa kusi, kati ya Aprili na Oktoba hivi, unachafua bahari, mashua ndogo za Pwani hutoka mara chache, na bei huonyesha. Kaskazi ikianza, samaki wa bahari huongezeka.

Minofu ya mbuta iliyogandishwa ni njia ya kati. Inapatikana supamaketi kubwa hadi usiku, haina miiba, na gramu 170 huiva kwa dakika tano au sita. Nyama yake ni laini na huachana ikigeuzwageuzwa, hivyo ipake kijiko kikubwa cha unga wa ngano, igeuze mara moja tu, na usiiguse hadi ijiachie yenyewe kwenye kikaango. Ikishikilia, haijawa tayari kugeuzwa. Ladha yake ni ya upole, inataka mchuzi wenye sauti: nyanya, pilipili, ndimu nyingi. Ugali unaifaa kuliko wali.

Mkebe na kuskusi

Mkebe wa jodari wa gramu 170 ukichujwa hubaki na nyama ya gramu 120 hivi, kipimo cha mtu mmoja bila salio. Chagua uliotiwa mafuta kwa mlo huu, na usimwage mafuta yote: kijiko kikubwa kimoja kati yake ndicho kitakachoipa kuskusi ladha. Nusu kikombe cha kuskusi, chumvi kidogo, maji yanayotokota, funika dakika saba, ichambue kwa uma. Tia kitunguu kilichokatwa laini na kuoshwa kwa chumvi, nyanya isiyo na mbegu, dania, ndimu nusu, kisha jodari mwishoni ili asipondeke. Gesi iliyotumika ni ya kuchemsha maji tu. Anayetumia birika la umeme hagusi jiko kabisa.

Samaki wadogo wa mkebe wenye nyanya ni nafuu zaidi na wana mifupa laini inayolika, ila mchuzi wao ni wa majimaji na una chumvi. Kaanga kitunguu na pilipili kwanza, mimina mkebe wote, upunguze dakika nne, na usitie chumvi kabla ya kuonja. Wao waende na ugali, kuskusi inalegea mno. Mkebe mkubwa wa gramu 425 ni wa milo miwili au mitatu. Kinachobaki kihamishiwe bakuli lenye kifuniko, kiingie kwenye friji, na kiliwe ndani ya siku mbili. Kama huna friji, nunua mkebe mdogo wa gramu 155 hata kama gramu kwa gramu unauzwa ghali.